Kuusoma Mto Uliofurika: Elektroniki za Vigunduzi vya Chembe, kutoka Ghuba ya Ungwana hadi CERN

Utangulizi

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote nchini Kenya. Huanzia kwenye safu za Aberdare na Mlima Kenya, hukata nyanda kavu za mashariki, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi pale Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Wanafasihi wa Kiswahili wanaufahamu mlango wa mto huu kwa sababu ya Fumo Liyongo, ambaye mapokeo yanamhusisha na Ozi na Kipini. Ni wachache, hata hivyo, wanaokumbuka kwamba ghuba hiyohiyo ina sehemu yake katika historia ya fizikia ya karne ya ishirini. Ni kutoka humo ambapo vilirushwa vigunduzi kadhaa vya miale na chembe, kimoja kikiwa na jina la Kiswahili.

Makala haya yanadhamiria kueleza tatizo moja la fizikia ya leo: kwa nini elektroniki za vigunduzi vya chembe hulazimika kubadilishwa pale ambapo wingi wa migongano unaongezeka, na mabadiliko hayo hufanywaje. Maelezo yataanzia Ghuba ya Ungwana, yaende hadi kwenye maabara ya CERN iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na njiani yaazime tajriba ya wakazi wa Garsen, ambao wanajua vyema tofauti iliyopo kati ya mto uliotulia na mto uliofurika. Hoja kuu ni kwamba, chembe zinapozidi, kigunduzi hakiokolewi na ukubwa wake. Kinachokiokoa ni namna kinavyosoma, kinavyohifadhi na kinavyochagua.

Vigunduzi vilivyorushwa kutoka Ghuba ya Ungwana

Katika miaka ya 1960, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, lililopewa jina la San Marco, katika maji ya Ngomeni, upande wa kusini wa Ghuba ya Ungwana. Mahali hapo ni chini ya kilomita 100 kutoka Garsen. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa hilo.

Iliyopata sifa zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, na kwa sababu hiyo Marjorie Townsend, mhandisi wa Marekani aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ilibeba vigunduzi viwili vya gesi vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikiwa na eneo la takriban sentimita mraba 840. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Mahali palipo karibu na ikweta huipa roketi msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa dunia. Kwa mada ya makala haya, hata hivyo, sababu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zilizonaswa na usumaku wake, na juu ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo hushuka chini kuliko kwingineko. Setilaiti ikipita humo, vigunduzi vyake hufunikwa na chembe nyingi kiasi kwamba eksirei chache zinazotafutwa hazionekani tena. Setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni iliweza kuzunguka dunia ikiambaa na ikweta, kwa mwinamo wa takriban nyuzi 3 tu, na hivyo kukwepa sehemu kubwa ya chembe hizo. Kwa ufupi, Uhuru ilikabili mafuriko kwa kuyakimbia.

Baadaye zilifuata nyingine. Tarehe 15 Novemba 1972, jukwaa hilo lilirusha SAS-2, ambayo ilibeba kigunduzi cha miale ya gama kilichokuwa na tabaka nyingi za nyaya. Kila mwale ulipogeuka kuwa chembe, cheche za umeme zilionyesha njia ya chembe hizo. Kazi ya setilaiti hiyo ilikatika tarehe 8 Juni 1973. Kigunduzi chenyewe hakikuwa na kasoro. Kilichoharibika ni saketi iliyokipatia umeme wa volteji ndogo. Tukio hilo ni ushahidi wa mapema wa jambo litakalosisitizwa hapa, yaani kwamba kigunduzi hakiwezi kuwa bora kuliko elektroniki zake.

Kisanduku cha gesi na jinsi kinavyosema

Ili msomaji aelewe mabadiliko yaliyofuata, yafaa kwanza aelewe kigunduzi cha gesi, kwani ndicho kilichomo katika Uhuru na ndicho kilichomo, kwa umbo kubwa zaidi, katika mojawapo ya majaribio makuu ya CERN.

Chukua kisanduku kilichojazwa gesi kama vile arigoni. Katikati yake pitisha waya mwembamba sana wenye volteji kubwa ya chanya. Eksirei au chembe yenye chaji ikipita ndani ya gesi hiyo, hung'oa elektroni kutoka kwenye baadhi ya atomi. Elektroni hizo, zikiwa na chaji hasi, huvutwa kuelekea kwenye waya. Zinapoukaribia, mvuto huwa mkali mno, nazo hupata kasi ya kung'oa elektroni nyingine, ambazo nazo hung'oa nyingine, mpaka elektroni chache zilizoanza safari zinafika kwenye waya zikiwa maelfu. Kundi hilo huzua mpigo mdogo wa umeme. Kadiri nishati iliyoachwa katika gesi ilivyokuwa kubwa, ndivyo mpigo unavyokuwa mkubwa.

Hapo ndipo kazi ya gesi inapoishia na ya elektroniki inapoanza. Mpigo huo ni dhaifu, kwa hiyo sharti ukuzwe. Ukishakuzwa, sharti upimwe ili ijulikane kama ni ishara halisi au ni makelele tu ya umeme. Ukishapimwa, sharti uandikwe kwa tarakimu pamoja na wakati wake. Hatimaye, sharti upelekwe mahali utakapohifadhiwa. Kukuza, kupima, kuandika na kupeleka: kila hatua huchukua muda, na wakati hatua moja inaendelea, chembe nyingine yaweza kupita bila kuonekana. Muda huo makala haya yatauita muda wa upofu.

Pale ambapo chembe ni chache, muda wa upofu hauna madhara makubwa. Mtu aliyesimama kwenye daraja la Garsen wakati wa kiangazi akihesabu magogo yanayopita chini yake anaweza kuandika kila gogo kwa utulivu, kwa kuwa lijalo liko mbali. Mafuriko yakija, magogo hupita mengi kwa mpigo, mengine yakiwa yamelaliana. Mwandishi yule yule, kwa kalamu ile ile, sasa ataandika moja na kukosa kumi. Hakuna faida ya kumjengea daraja pana zaidi ikiwa mkono wake ni ule ule.

Historia ya vigunduzi vya gesi inathibitisha jambo hili. Elektroniki za Uhuru zilijumlisha hesabu kwa vipindi vya takriban sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ziliweza kuonyesha kwamba chanzo kiitwacho Cen X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8 hivi, na kwamba Cygnus X-1 hubadilika ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Mabadiliko ya haraka zaidi ya hapo hazikuweza kuyatenganisha. Tarehe 30 Desemba 1995, Marekani ilirusha setilaiti ya RXTE, ambayo nayo ilibeba visanduku vya gesi vyenye nyaya. Vilikuwa vitano, vyenye jumla ya eneo la takriban sentimita mraba 6,500, lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika elektroniki: ziliweza kuandika wakati wa kila eksirei kwa usahihi wa mikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, iligundua mitetemo inayokaribia na kupita mara 1,000 kwa sekunde kutoka kwenye nyota za nyutroni. Kanuni ya gesi na waya ilikuwa ni ile ya Uhuru. Kilichoharakishwa zaidi ni mkono wa mwandishi.

Lango linapokuwa kizuizi

Mwaka 1968 Georges Charpak wa CERN alibuni kigunduzi cha gesi chenye nyaya nyingi zilizopangwa sambamba, kila waya ukiwa na elektroniki zake. Ubunifu huo, uliomletea Nobeli mwaka 1992, uliwezesha njia ya chembe kufuatiliwa kwa umeme badala ya picha. Mojawapo ya vigunduzi vikubwa vilivyotokana na wazo hilo ni kile kilicho katikati ya jaribio la ALICE, kwenye kigonganishi cha LHC cha CERN. LHC ni njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27, iliyochimbwa chini ya ardhi, ambamo protoni au viini vya atomi za madini ya risasi hugonganishwa. Shabaha ya ALICE ni kuchunguza mata ilivyokuwa katika mikrosekunde za mwanzo za ulimwengu, kabla ya protoni zenyewe kuundika.

Kigunduzi hicho ni pipa la gesi lenye urefu wa mita 5 na kipenyo cha karibu mita 5. Viini vya risasi vinapogongana katikati yake, maelfu ya chembe hutawanyika na kila moja huacha mkufu wa elektroni ndani ya gesi. Elektroni hizo husafiri taratibu hadi kwenye ncha mbili za pipa, ambako husomwa. Safari ndefu kabisa huchukua karibu mikrosekunde 100.

Tatizo lilikuwa katika ayoni. Kila elektroni inapozidishwa karibu na waya, nyuma yake hubaki ayoni, yaani atomi zilizopokonywa elektroni, zenye chaji chanya na mwendo wa polepole mno. Zikiachwa zirudi ndani ya pipa, huvuruga uga wa umeme na kupindisha njia za elektroni zijazo. Kwa sababu hiyo, toleo la kwanza la kigunduzi lilikuwa na lango, yaani safu ya nyaya zilizoweza kufungua au kufunga njia kwa kubadilisha volteji. Mgongano ulipotokea, lango lilifunguliwa kwa mikrosekunde 100 ili elektroni zipite, kisha likafungwa kwa takriban mikrosekunde 180 ili ayoni zinaswe.

Hesabu yake ni nyepesi. Mikrosekunde 100 ukijumlisha na 180 ni 280. Kwa hiyo, hata kama kila kitu kingine kingekuwa na kasi isiyo na kikomo, kigunduzi hakingeweza kusoma zaidi ya matukio 3,500 hivi kwa sekunde. Mpango wa CERN kwa kipindi kilichoanza 2022 ulikuwa kuongeza migongano ya risasi hadi takriban 50,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, muda wa wastani kati ya mgongano mmoja na unaofuata ni mikrosekunde 20. Elektroni za mgongano wa kwanza zikiwa bado safarini, migongano mingine minne au mitano huwa imekwisha kutokea ndani ya pipa lilelile. Hakuna wakati ambapo lango linaweza kufungwa bila kukata tukio fulani katikati.

Wakazi wa delta ya Tana wamewahi kuliona jambo linalokaribiana na hili kwa macho yao. Karibu na Garsen, mamlaka ya TARDA iliendesha mradi wa kilimo cha mpunga uliotegemea matuta, mifereji na malango ya maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu miundombinu hiyo. Kabla na baada ya mradi huo, wakulima wa Kipokomo kandokando ya mto wamekuwa na mbinu tofauti: huacha mto upande na kushuka, kisha hupanda katika ardhi iliyoachwa na unyevu na rutuba. Si nia ya makala haya kudai kwamba mbinu moja inafaa kila mahali. Ila ni kweli kwamba lango hupangiwa kiasi fulani cha maji, na likizidiwa, huacha kuwa msaada.

Kuliondoa lango

Kati ya 2019 na 2021, LHC ikiwa imesimamishwa kwa ukarabati, wanasayansi wa ALICE waliondoa nyaya na lango katika ncha zote mbili za pipa. Mahali pake waliweka karatasi za GEM, ambazo zilibuniwa na Fabio Sauli wa CERN mwaka 1997. Hizi ni karatasi za plastiki ngumu zenye unene wa mikromita 50, zilizopakwa shaba pande zote mbili na kutobolewa vitundu vidogo mno kwa wingi. Elektroni huzidishwa ndani ya vitundu hivyo. Karatasi nne zikipangwa moja juu ya nyingine, na volteji zake zikiteuliwa kwa uangalifu, ayoni nyingi mno hunaswa humohumo, na chini ya asilimia 1 hivi ndizo zinazorudi ndani ya pipa. Kazi ya lango sasa inafanywa na umbo la karatasi zenyewe, wakati wote, bila kufungua wala kufunga.

Lango likishaondoka, elektroniki za zamani nazo hazifai. Ziliundwa kungoja amri: tukio limetokea, soma, umekwisha, pumzika. Sasa hakuna mapumziko. Kwa ajili hiyo ilisanifiwa chipu mpya iitwayo SAMPA, kazi iliyoongozwa na wahandisi wa São Paulo nchini Brazili. Chipu moja huhudumia njia 32 za umeme. Ndani yake zimo saketi za kukuza mpigo, za kuugeuza kuwa tarakimu, na za kuchakata tarakimu hizo, mambo ambayo katika toleo lililotangulia yaligawanywa kati ya chipu mbili. Chipu tano huwekwa kwenye kadi moja, na kadi zote ni 3,276. Msomaji akizidisha 3,276 kwa 5, kisha kwa 32, atapata njia 524,160.

Kila njia husomwa mara milioni 5 kwa sekunde, na kila usomaji una biti 10. Zidisha tena: jumla ni zaidi ya biti trilioni 26 kwa sekunde, sawa na takriban baiti trilioni 3.3. Mkondo huo hubebwa na nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga hadi kwenye kompyuta, ambazo huondoa nafasi tupu, hutambua njia za chembe na kuubana mkondo hadi karibu baiti bilioni 100 kwa sekunde kabla ya kuuhifadhi. Migongano iliyolaliana ndani ya pipa hutenganishwa baadaye kwa hesabu, kwa kufuata kila mkufu wa elektroni hadi ulikoanzia. Kwa maneno mengine, swali la "tukio lipi?" limeahirishwa. Kwanza mto wote husomwa; maswali huulizwa baadaye.

Bwawa la muda na uamuzi usiotenguka

Si kila jaribio linaloweza kusoma kila kitu. ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa yaliyotangaza tarehe 4 Julai 2012 kwamba yamegundua chembe ya Higgs, hushughulika na protoni, ambazo mafungu yake hupishana katikati ya vigunduzi hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Kusafirisha na kuhifadhi taarifa zote za mipishano hiyo hakuwezekani. Lazima pawepo na uamuzi wa haraka: hili libaki, lile litupwe.

Uamuzi huo huhitaji muda, na katika muda huo taarifa lazima ziwekwe mahali. Hapa mfano wa mto unafaa tena. Katika sehemu ya juu ya Tana kuna mabwawa ya Seven Forks, na kubwa zaidi ni Masinga, lililokamilika 1981. Bwawa hupokea maji ya ghafla na kuyatoa kwa kipimo. Lakini bwawa lina ukomo: likijaa, maji hupita juu, kama ilivyokuwa wakati wa mvua za 2018 na za 2024, na watu wa Garissa, Hola na Garsen huyapata yote. Ndani ya chipu za vigunduzi pia kuna mabwawa ya aina hiyo, yaani hifadhi ndogo za kumbukumbu ambamo taarifa hungoja uamuzi. Zikijaa kabla uamuzi haujafika, taarifa hupotea.

Baada ya ukarabati mkubwa uliopangwa kuanza 2026, LHC inatarajiwa kurudi karibu 2030 ikiwa na wingi wa migongano uliopandishwa mno. Badala ya migongano 60 hivi katika kila mpishano wa mafungu, itafikia 140 na hata 200, yote kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Jaribio la CMS limepanga kuongeza idadi ya matukio yanayopita uamuzi wa kwanza kutoka 100,000 hadi 750,000 kwa sekunde, na kuupa uamuzi huo muda wa mikrosekunde 12.5. ATLAS imepanga matukio milioni 1 kwa sekunde na muda wa mikrosekunde 10. Kwa mipishano milioni 40 kwa sekunde, mikrosekunde 12.5 ni sawa na mipishano 500. Maana yake ni kwamba kila chipu ya CMS sharti ikumbuke mipishano 500 iliyopita, huku ikipokea ya 501. Ndiyo maana chipu za zamani haziwezi kuongezewa kasi tu. Sharti zisanifiwe upya zikiwa na hifadhi kubwa zaidi.

Jambo zito zaidi katika mpango huu si la kiufundi. Kinachotupwa na uamuzi wa kwanza hakirudi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ni ya kweli zaidi kuliko hapa. Mashine huchagua kwa kutumia vigezo vilivyowekwa na watu wanaotafuta kile wanachokijua au wanachokitarajia. Ikiwa maumbile yana jambo lisilotarajiwa na mtu yeyote, laweza kupita mbele ya kigunduzi na kutupwa. Sehemu ya sababu ya kuongeza muda wa kuamua na idadi ya matukio yanayobakizwa ni kupunguza hatari hiyo.

Elektroniki zinazoishi ndani ya mafuriko

Uhuru, kama ilivyoelezwa, ilikwepa ukanda wa chembe. Chipu zilizo karibu na kitovu cha mgongano hazina pa kukimbilia. Miale huacha chaji zilizonasa ndani ya tabaka za kuhami za transista na kuzidhoofisha kidogo kidogo kwa miaka. Aidha, chembe moja yenye nishati kubwa yaweza kugonga kumbukumbu na kugeuza sifuri kuwa moja papo hapo.

Dhidi ya madhara ya kwanza, wahandisi huchagua teknolojia za chipu zinazostahimili miale na kuzipima kwa miale mingi kabla ya kuzitumia. Dhidi ya madhara ya pili, hutumia busara ambayo mzee yeyote wa baraza angeitambua. Taarifa muhimu huandikwa mara tatu katika sehemu tatu tofauti za chipu, nazo hupiga kura. Sehemu moja ikipotoshwa, mbili zilizobaki huishinda, na iliyopotoka husahihishwa.

Suala la lugha

Katika shule za sekondari za Kenya, za Garsen zikiwemo, fizikia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini matumizi yake katika sayansi yamebaki finyu. Tatizo hili aghalabu huelezwa kama uhaba wa istilahi. Maelezo hayo yana ukweli, ila si ukweli wote. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miaka saba kabla karatasi za GEM hazijabuniwa. Kamusi yoyote ya sayansi itaachwa nyuma na sayansi yenyewe. Kinachohitajika zaidi ni mazoea ya kueleza, kwa kuwa istilahi nzuri huzaliwa ndani ya maelezo.

Mifano mitatu kutoka makala haya yatosha. Kwanza, Kiswahili kina vitenzi viwili, kugundua na kutambua. Kigunduzi hugundua kwamba kuna kitu kilichopita. Kompyuta zilizo nyuma yake ndizo zinazotambua kilikuwa nini. Tofauti hiyo ni ya kifizikia, na lugha tayari inayo. Pili, Kiingereza huuita muda wa upofu muda uliokufa. Lakini kigunduzi katika muda huo hakijafa. Kinaandika, ila hakioni. Neno upofu linasema ukweli zaidi. Tatu, mfumo wa kuamua nini kibakizwe hupewa kwa Kiingereza jina la kifyatuo cha bunduki. Kuuita kiamuzi, au kuueleza kama uamuzi, humkumbusha msomaji kwamba kuna hukumu inayotolewa, na kwamba hukumu yaweza kukosea.

Mfano wa mto nao una mipaka yake, na mwalimu atakayeutumia yafaa aitaje. Maji ni mkondo usiokatika. Chembe huja moja moja kama magogo, hata zinapoonekana kama mkondo. Mto hufurika kwa misimu. Kigonganishi hufurika kwa ratiba. Tena mafuriko ya Tana huharibu makazi na kuua, ilhali mafuriko ya CERN yanatafutwa kwa makusudi, kwa sababu tukio adimu halionekani ila kwa kutazama mengi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuongezeka kwa migongano hubadilisha swali analojiuliza msanifu wa kigunduzi. Chembe zikiwa chache, swali ni jinsi ya kuziona. Chembe zikiwa nyingi, swali ni jinsi ya kusoma bila kusita, kuhifadhi bila kufurika, kuchagua bila kutupa kilicho adimu, na kudumu ndani ya miale. Uhuru ilikuwa upande wa kwanza wa historia hiyo; ALICE, ATLAS na CMS ziko upande wa pili. Kati ya pande hizo mbili, gesi na waya vilibaki muda mrefu vikiwa vilevile, na elektroniki ndizo zilizokwenda mbio.

Setilaiti iliyorushwa kutoka Ghuba ya Ungwana mwaka 1970 ilipewa jina la Kiswahili, lakini taarifa zake zote ziliandikwa kwa lugha nyingine, na mtoto aliyezaliwa Garsen au Kipini mwaka huo angeweza kuzeeka bila kuambiwa kwa lugha aizungumzayo ni kitu gani kilichopita juu ya kichwa chake. LHC itakaporudi kazini ikiwa na elektroniki mpya, kutakuwa na mengi ya kuelezwa tena. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanafizikia peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kukaa nao, kuwauliza kitu kinafanyaje kazi, na kuandika jibu ambalo msomaji wa Garsen ataweza kulihoji.